Kisu bila rangi ya kiwandani

Hatimaye nimekivua kisu changu ile rangi nyeusi ya kiwandani. Ni kisu cha kawaida tu, kile kisichokunjwa, bapa nene na msuka, ule mkia wa chuma unaoingia kwenye mpini, umepita mpaka mwisho, na rangi ilikuwa imeshachubuka ubavuni kwa kuingia na kutoka kwenye ala. Wanasema rangi inazuia kutu, sawa inazuia, ila chuma chenyewe hukioni na ukikata kitu kigumu unasikia bapa linakwamakwama. Nikaona bora nijue nimeshika nini.

Kwanza makali nikayafunga tepu, tena safu kadhaa, maana ukishaanza kusugua unasahau kabisa kwamba kitu ulichoshika kinakata. Rangi ilitoka kwa dawa ya kutolea rangi, madirisha wazi na glavu mkononi, ikavimba ikakunjamana nikaipangusa. Na chini yake sasa! Mikwaruzo ya mashine imelala kila upande, yaani hawakuhangaika kabisa, walijua rangi itafunika.

Afu ndo ukaja msasa, na kazi yote iko hapo. Nilianza namba 220, nikaja 400, 600, mwisho 800, namba ikipanda msasa unakuwa laini zaidi, msasa umezungushiwa kipande cha mbao kilichonyooka kwa sababu ukitumia vidole vitupu unazila kona na ile mistari mizuri ya bapa inakuwa duara duara. Kila ukibadilisha namba badilisha na upande wa kusugua: kama 220 ilipita kimkingamo, 400 ipite kwa urefu, hapo mkwaruzo wa zamani unajionyesha wenyewe. Nilikuwa nakiinamisha chini ya taa, nakilaza kidogo, bapa lote limetulia halafu mkwaruzo mmoja tu wa 220 unawaka katikati kama uzi mweupe kwenye kanzu nyeusi. Rudi nyuma. Ukiruka namba ukadhani 600 itafuta kilichoachwa na 220 utasugua mpaka kesho na bado utakiona.

Wenye grinda mnanicheka najua. Ila chuma cha kisu kikishafanywa kigumu hupashwa tena moto wa kiasi, mara nyingi nyuzi 200 hivi, ili kisivunjike kirahisi, na pale kwenye makali ni pembamba mno, grinda ikigusa kidogo tu joto linapanda. Ukiona rangi ya bluu imetokea ujue imefika karibu nyuzi 300 na ugumu wa hapo umeshapungua, utanoa leo na kesho unanoa tena. Kwa mkono huwezi kufikisha joto hilo hata ukasirike vipi.

Kung'arisha mpaka kuwa kioo sikutaka, kisu cha kioo kinaogopwa kutumiwa, kila alama ya kidole inaonekana. Nilichotaka ni ile rangi ya kijivu inayoletwa na siki. Chuma changu ni cha kaboni, na hili inabidi ulijue mapema, kwa sababu chuma kisichoshika kutu kina kromiamu kuanzia asilimia 10.5 na siki hapo haitakupa rangi ya maana. Nikakiosha kwa sabuni, nikakifuta kwa spiriti isibaki hata alama ya jasho, nikakizamisha kwenye siki ya uvuguvugu. Vipovu vidogo vikaanza kupanda, bapa likageuka kijivu, likaendelea kuwa jeusi jeusi, nikakitoa nikakisuuza kwa maji ya magadi kuua ile asidi, kufuta masizi, mafuta kidogo, basi. Kimetoka na rangi ya wingu la mvua. Kutu bado kinaweza kushika, tusidanganyane, mafuta lazima.

Mpini ndo ulinichelewesha. Plastiki ya zamani nikaing'oa, nikapachika vibao viwili vya mbao ngumu kwa epoksi na ribiti za shaba, klempu nikazikaza kiasi tu maana ukikaza sana gundi yote inakimbilia nje, nikauacha saa 24. Kwenye kuchonga, macho yalitaka mpini mwembamba wenye kiuno, kiganja kikakataa. Ikabidi niwe nafumba macho, nashika, nasikiliza wapi panachoma, kwangu ni pale chini ya kidole kidogo, napitisha tupa mara chache tu, nashika tena. Umetoka mnene, si mzuri wa picha, ila mkono hauchoki. Nikaumalizia kwa mafuta ya kitani, na jamani tambara la mafuta hayo usilikunje ukalitupa kwenye kona, linatengeneza joto lenyewe na linaweza kushika moto, litandaze likauke.

Ala imebaki. Kile kifungo hakifiki tena kwa huo unene wa mpini. Nafikiria kushona ya ngozi, shida ngozi inatunza unyevu na chuma cha kaboni kikilala humo muda mrefu kinaota kutu, kwa hiyo itakuwa ala ya kutembelea tu, nyumbani kisu kitakaa nje.