Presha ya Jumanne

Kadi yangu ya zahanati ni ya manila ya kijani, imekunjika katikati mpaka imeanza kuchanika. Ina mistari mitano ya peni ya bluu: 156/98, 132/84, 160/100, 134/86, 154/96. Tangu mwezi wa pili naibeba kwenye pochi na sikuwahi kuisoma. Nilijua tu presha yangu inapanda na kushuka, kama umeme wa huku kwetu Mbagala.

Aliyeisoma juzi ni nesi mmoja mtu mzima. Nilimpa shikamoo, akaitikia bila kuinua macho kwenye kadi. Akainuka, akaenda kwenye kalenda ya ukutani, akaanza kuhesabu kwa kidole.

"Mwanangu, hizi tatu zilizopanda zote ni Jumanne. Jumanne kuna nini kwako?"

Nikamwambia hakuna kitu. Chenye kitu ni Jumatano.

Jumatano ni marejesho ya mkopo. Mtu wa Dar sina haja ya kumweleza, nikisema kausha damu kanielewa. Nilichukua shilingi 800,000 mwezi wa kwanza, ada ya watoto na kodi ya fremu ya duka zilipogongana. Narudisha 65,000 kila Jumatano kwa wiki 16. Pigeni wenyewe hesabu, mimi nimeshaipiga usiku mara nyingi mno. Tuko wanawake kumi, tunadhaminiana. Wiki ya sita mwenzetu mmoja alikosa, tukakaa naye barazani hadi saa mbili usiku, kila mmoja ana watoto hawajala huko nyumbani. Hakuna aliyemtukana. Tulimwangalia tu. Nafikiri ingekuwa afadhali tungemtukana.

Kwa hiyo shingo yangu huanza kukaza Jumatatu jioni. Jumanne kichwa kinagonga, ndiyo maana siku ya kwenda zahanati huwa hiyo hiyo, na usiku wake saa nane niko macho kodo: steshenari imeingiza ngapi, nimkope nani, nani nimeshamkopa. Nililaumu mto, nikanunua mwingine. Nikalaumu godoro. Kisha nikahamia kwenye diklofenaki, vile vidonge vya maumivu, asubuhi moja na jioni moja, siku nyingine zaidi, hadi tumbo likaanza kuunguza. Jirani yangu akanipa jibu lile tunalopeana sote: "Hivyo ni vidonda vya tumbo, shoga, vya mawazo."

Nesi alipolisikia hilo alicheka. "Mawazo hayafugi bakteria." Vidonda vingi, akasema, huletwa na bakteria anayekaa tumboni, au na hizo hizo dawa za maumivu ninazomeza kama karanga. (Nilikwenda kutafuta: anaitwa Helicobacter pylori, na madaktari wawili wa Australia waliomfichua walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Miaka yote hiyo na mitaani bado tunasingizia mawazo.) Halafu akaniongezea nisilolijua kabisa: dawa za jamii ya diklofenaki zinaweza kupandisha presha. Yaani deni linakaza shingo, shingo inadai dawa, dawa inachubua tumbo na kusukuma presha juu, tumbo linaninyima ule usingizi mdogo uliobaki. Na usingizi ndio presha ya mtu mzima wa afya inapopata nafasi ya kushuka, kwa asilimia 10 hadi 20 hivi. Yangu inashukia wapi kama saa nane nahesabu noti?

Adrenalini na kotisoli, nilivyomwelewa, ni homoni za kumkimbia nyoka. Moyo unaenda mbio, mishipa inabana, unatimua, yamekwisha. Nyoka wangu anakuja kila wiki na daftari.

Sisi wenyewe lugha yetu ilishalisema. Mwenye hofu yuko tumbo joto, mwenye wasiwasi roho yake iko juu. Nimeweka saini kwenye mkopo ambao mtaa mzima unauita kausha damu, halafu nikashangaa damu ikileta shida.

Kisha akaanza kuniuliza maswali ya wiki mbili zilizopita, moja moja. Usingizi je? Hamu ya kula? Unajiona umeshindwa? Mambo uliyokuwa unayapenda bado yanakupa raha? Hilo la mwisho nikajibu "ndiyo" haraka, kisha nikakumbuka kwamba tangu mwaka uanze sijaimba hata wimbo mmoja kwaya. Sikurekebisha jibu. Yeye akaandika kitu, sijui nini. Shirika la Afya Duniani linasema kwa kila wanaume wawili wenye sonona, ule ugonjwa wa huzuni isiyoisha, wanawake ni kama watatu. Simaanishi kwamba mimi ninayo. Nasema tu ile baraza ya Jumatano sijawahi kuona mwanaume ameikalia.

"Baba watoto anajua?" akauliza.

Anachojua yeye ni kwamba nilichukua kwenye kikoba, chama chetu cha kuweka na kukopeshana. Kikoba kina heshima.

Hakunidanganya kwamba deni likiisha na presha itaisha. Mama yangu alikuwa nayo, na hata namba zangu za siku njema si za kujivunia. Alinipigia marufuku diklofenaki, akaniandikia kipimo cha tumbo, akasema nimwambie mtu mmoja wa nyumbani, yeyote, kabla sijarudi. Nimemwambia mdogo wangu wa Tabata. Alinyamaza kwenye simu muda mrefu, kisha akauliza zimebaki wiki ngapi. Nne.

Tarehe ya kurudi nilimwomba nesi aiweke Alhamisi, siku ambayo huwa nimetulia. Akaiandika kwa penseli, akanitazama juu ya miwani, akaifuta, akaandika Jumanne.