Saki Moja na Nusu

Saki moja na nusu. Ndiyo hesabu aliyomaliza nayo Danielle Hunter msimu wake wa mwisho katika chuo cha LSU, Louisiana, mwaka 2014. Mechi 13 alianza zote, saki moja na nusu basi. Leo nimeshinda na mikanda yake ya video ya mwaka ule, maana Aprili imefika, drafti ya NFL, ambapo timu za ligi kuu ya futiboli ya Marekani huchagua kwa zamu vijana kutoka vyuoni, imebisha hodi, na kila ninayekutana naye hapa Houston ananisomea saki za vijana wa mwaka huu, kisha anaona mjadala umekwisha.

Kwa aliyezoea soka letu, nieleze kidogo. Katika futiboli ya Marekani kwotabeki ndiye anayepokea mpira na kuutupa kwa wenzake. Upande wa pili kuna mtu ambaye kazi yake kubwa ni kumfikia kabla hajautupa. Huyo mimi namwita mvamizi. Akimwangusha kwotabeki mpira ukiwa bado mkononi, hiyo ni saki. Wakimwangusha wawili kwa pamoja, kila mmoja anaandikiwa nusu. Mbele ya mvamizi amesimama mlinzi, jitu la kilo 140 hivi, anayerudi kinyumenyume huku mikono iko tayari. Mvamizi ana takriban sekunde mbili na nusu. Baada ya hapo mpira umeshaondoka, na jasho lake lote haliandikwi popote.

Hilo ndilo linalonifanya nisiiamini hesabu ya saki peke yake. Mvamizi anaweza kumshinda mlinzi wake vizuri kabisa, kwotabeki akautupa mpira nukta moja kabla. Mwingine anaweza kusimamishwa kifua kwa kifua kwa sekunde nne, kwotabeki akababaika, akakimbilia mwenyewe mikononi mwa mvamizi huyo. Wa kwanza hana kitu, wa pili ana saki. Shemeji yangu, shabiki wa kufa wa Texans, timu ya hapa Houston, hakubali. "Shemeji, saki ni saki," ananiambia, na kwa ubao wa matokeo ana haki. Ila anayemchagua kijana wa miaka 21 hanunui alichokwisha kufanya chuoni. Ananunua atakachofanya dhidi ya walinzi wazima wanaolipwa mamilioni, ambao hawarudii kosa moja mara mbili.

Ninapofungua mkanda, naanza na hatua ya kwanza. Mpira unaondoka chini, je, kijana anaondoka nao, au anasubiri kuona wenzake wakiondoka? Nasimamisha picha pale pale. Wavamizi wazuri unawakuta wameshavuka mstari wakati wenzao wa safu moja bado wana mkono chini. Halafu natazama kona. Mvamizi wa pembeni hakimbii moja kwa moja, anazunguka nje ya bega la mlinzi kisha anakata ndani kuelekea kwa kwotabeki, na hapo kiuno na vifundo vya miguu ndivyo vinavyosema. Mwenye kipaji hulala upande kama bodaboda anayekata kona bila kupunguza mwendo, bega la ndani likikaribia majani, miguu bado inasukuma. Asiye nacho husimama wima, akapanuka, akapita nyuma ya kwotabeki yadi tatu nzima. Jambo hili sijamwona kocha anayelifundisha likaingia. Unazaliwa nalo.

Mikono ni habari nyingine, na hapa ndipo napenda kukaa. Mikono inafundishika. Kuupiga mkono wa mlinzi kabla haujatua kifuani, kupitisha mkono chini ya kwapa lake, kumsukuma nje kisha kugeuka ghafla ndani, yote hayo ni kazi ya mazoezi, maelfu ya mazoezi. Dwight Freeney aliingia NFL mwaka 2002 akitokea chuo cha Syracuse, akiwa wa 11 kuchaguliwa kwenye drafti, na wengi walimwona mfupi. Ule mzunguko wake wa ndani uliwageuza walinzi miaka mingi mpaka akaingia Ukumbi wa Heshima mwaka 2024. Lakini mzunguko ule ulifanya kazi kwa sababu mlinzi alikuwa tayari anaogopa kasi yake ya nje. Hila bila kitisho haimdanganyi mtu.

Sasa nirudi kwa Hunter. Februari 2015, kwenye vipimo vya Indianapolis ambako vijana hupimwa urefu, uzito, mbio na miruko mbele ya timu zote 32, alisimama futi 6 na inchi 5, pauni 252. Alikimbia yadi 40 kwa sekunde 4.57. Akaruka mbele kutoka wima karibu mita 3.3. Mwili wa kuchora. Na bado saki moja na nusu, watu wakauliza: mwili huu ulikuwa unafanya nini mwaka mzima?

Mikanda inajibu. LSU ya mwaka ule haikumwachia awinde. Mara nyingi kazi yake ilikuwa kushika ukingo, kuhakikisha mkimbiaji hapiti nje, kumweka mlinzi mbele yake na kungoja. Na alifanya hivyo bila kununa. Alimaliza msimu na takolo 73, yaani mara alizomwangusha mwenye mpira, idadi ambayo kwa mchezaji wa mwisho wa safu ya mbele ni kubwa mno. Unamwona anafukuza mpira upande wa pili kabisa wa uwanja, mchezo ambao haukumhusu hata kidogo, na anafika. Ukitazama zile nafasi chache alizoachiwa kumfuata kwotabeki, unaona kasi ipo, kona ipo, na mikono haijui pa kwenda. Anafika kwa mlinzi akiwa ameshinda nusu ya vita, kisha anamkabidhi kifua. Mlinzi anamkamata, mchezo umekwisha.

Nikajiuliza swali ambalo kwangu ndilo kiini cha kazi hii yote: anaposhindwa, anashindwa na nini? Kama ni mwili, basi. Kama ni moyo, basi pia. Kama ni ufundi, na umri bado, kuna mtu wa kufanya naye kazi. Hunter alikuwa na miaka 20 siku ya drafti. Ishirini! Wengine waliokuwa kwenye meza ile walikuwa na 22 na 23, na miaka miwili katika umri huo ni mirefu.

Minnesota Vikings walimchukua raundi ya tatu, namba 88. Wao wenyewe walikuwa wameshamchagua Trae Waynes kwa namba 11 na Eric Kendricks kwa namba 45. Wavamizi kadhaa walitangulia: Dante Fowler namba 3, Vic Beasley namba 8, Bud Dupree namba 22, Shane Ray namba 23. Andre Patterson, kocha wa safu ya mbele ya ulinzi, alimpokea kijana akaanza naye chini kabisa, namna ya kusimama, namna ya kuondoka, mkono upi kwanza. Hakumharakisha. Mwaka wa kwanza Hunter alipata saki 6, mwaka wa pili 12.5, akitokea benchi. Desemba 2019, akiwa amevuka tu miaka 25, akawa mchezaji mdogo kuliko wote katika historia ya ligi kufikisha saki 50. Leo anachezea Texans, mji huu huu, na amevuka 100.

Beasley nataka nimtaje kwa heshima, kwa sababu watu husema alikuwa hasara, nami sikubaliani nao moja kwa moja. Chuoni Clemson aliweka rekodi ya chuo kwa saki 33. Mwaka 2016 aliongoza NFL nzima kwa 15.5 na timu yake, Atlanta Falcons, ikafika fainali. Lakini misimu yake mingine hakuna hata mmoja aliovuka 8. Alikuwa na hatua ya kwanza kali kuliko karibu wote wa kundi lake. Walinzi walipoizoea, hakuwa na kitu cha pili cha kuwapa. Hapo ndipo ninapoangalia siku hizi kwa makini zaidi: njia ya kwanza ikizibwa, kijana anafanya nini? Anasukuma tu mpaka kipyenga, au kuna wazo jingine kichwani?

Kuna walioonyesha yote mawili, mwili na hesabu, na bado. Vernon Gholston wa Ohio State alipata saki 14 msimu wa 2007, rekodi ya chuo kile wakati huo. Alimwangusha kwotabeki akiwa amempita Jake Long wa Michigan, mlinzi aliyekuja kuwa namba moja ya drafti ya 2008. Alikuwa na misuli ambayo hata ukimwona kwenye picha unarudi kutazama tena. New York Jets wakamchukua namba 6. Alicheza misimu mitatu kwao, na saki zake zote NFL ni sifuri. Sifuri kabisa. Kumhukumu mtu kwa neno moja ni rahisi, na wengi wamemhukumu. Mimi naona pia kwamba Jets walimtoa alipozoea, mkono chini, mwisho wa safu, wakamsimamisha nyuma kidogo kama beki wa nje mwenye kazi nyingi za kufikiri. Nguvu zake zilikuwa za kwenda mbele. Alipotakiwa kwanza asome mchezo ndipo aende, ile nukta moja ya kusita ilimla. Hata hivyo mikanda yake ya chuo ilikuwa na onyo: kuna mechi anawaka moto, na kuna mechi unamtafuta kwenye picha humwoni.

Kinyume chake ni Terrell Suggs. Mwaka 2002 akiwa Arizona State alipata saki 24 kwa msimu mmoja, rekodi ya chuo Marekani. Kisha akakimbia yadi 40 taratibu mbele ya wasaka vipaji, karibu sekunde 4.8, na simu zikapoa. Baltimore Ravens wakampata namba 10. Alimaliza maisha yake ya ligi na saki 139. Waliosoma saa ya kupimia walisahau kwamba mvamizi hakimbii yadi 40. Anakimbia tano au saba, na katikati kuna mtu anampiga. Suggs alijua kupiga kwanza.

Ndiyo maana mjadala wa 2022 ulinikaa sana moyoni. Aidan Hutchinson wa Michigan alikuwa na saki 14, tatu kati ya hizo siku Michigan ilipoifunga Ohio State 42 kwa 27 baada ya kupoteza mara nane mfululizo. Travon Walker wa Georgia alikuwa na 6, lakini alikuwa na mwili adimu: pauni 272, yadi 40 kwa sekunde 4.51, mikono ya inchi 35 na nusu. Ya Hutchinson ilizidi kidogo tu 32, na watu wa vipimo hutaka angalau 33. Jacksonville wakamchukua Walker namba 1, Detroit wakampata Hutchinson namba 2.

Hoja ya Walker niliielewa. Georgia ya 2021 ilitoa wachezaji watano wa upande wa ulinzi raundi ya kwanza ya drafti ile. Katika safu kama hiyo kila mmoja anagawana chakula, na Walker alitumwa ndani, nje, hata kurudi nyuma kukaba wapokeaji. Ni hadithi inayofanana na ya Hunter. Lakini Hutchinson alikuwa na kitu ambacho inchi haikipimi: kila mara alipozuiwa alikuwa na jibu la pili, na la tatu. Unamwona anagusa mkono wa mlinzi, anasubiri uzito wake uhame, ndipo anageuka. Mikono mifupi haikumzuia kwa sababu hakuwa anashindana kwa urefu. Walker amekuwa mchezaji mzuri, saki 10 mwaka 2023 na 10.5 mwaka 2024, na sioni sababu ya kumdharau. Hata hivyo, usiku ule ningekuwa na kalamu mkononi ningeandika Hutchinson, na hata alipovunjika mguu Oktoba 2024, akiwa na saki 7.5 katika mechi tano, nisingelibadili jina lile.

Tofauti ya Hunter na Walker ni bei. Namba 88 unaweza kumnunua kijana asiyejua kutumia mikono ukampa Patterson miaka miwili. Namba 1 unamtaka mtu wa Septemba, msimu unapoanza. Timu nyingi zinakosa hapo, zinalipa bei ya aliyeiva kwa ajili ya anayechipua, kisha mashabiki wanamzomea mtoto ambaye hakujiweka namba moja mwenyewe.

Kwa hiyo wiki hii, kabla ya raundi ya kwanza, vijana watatu nilionao kwenye orodha nitawatazama kwa mpangilio huu: naondoa saki zote, nabaki na majaribio yale tu ambayo mpira ulitupwa huku kijana yuko chini au amekamatwa. Naanza na robo ya nne, wakati mapaja yamechoka. Kisha natafuta mlinzi bora waliyekutana naye msimu mzima, nione kama kuna aliyebadili mbinu kati ya jaribio la kwanza na la mwisho. Mmoja wao ana saki mbili tu, na shemeji ameshanicheka. Kwa hatua yake ya kwanza na kwa kiuno kile, nimemwandika raundi ya pili.