Usiku Baba alipofilisika

Mvua za El Niño zilitukuta Moshi mwishoni mwa 1997, shule zimefungwa na njia ya kwenda Mbuyuni imekuwa tope tupu. Kilichobaki ni Monopoly, mchezo wa mezani wa kununua viwanja na kudaiana kodi, ile ya mitaa ya London, aliyotuletea shangazi kutoka Uingereza. Hatukuwahi kuiona hiyo Mayfair wala Old Kent Road, lakini bei zake tulizijua kwa kichwa: pauni 400 na pauni 60.

Siku moja tulisahau boksi barazani, mbwa wetu Tomi akalipata. Tulikuta kadi za umiliki zimetafunwa, na kile kikete cha chuma chenye umbo la mbwa hakikuonekana tena. Mimi nililia. Dada akaenda kuchukua manila na kalamu za rangi, akasema, "Kama mbwa amekula mitaa, basi mitaa iwe mbwa."

Tulikaa siku mbili sakafuni. Viwanja vya rangi ni 22, na kila kimoja tulikipa mbwa tunayemjua. Pale pa 60 tukamweka yule mbwa koko wa sokoni anayelala chini ya meza za wauza nyanya. Wakafuata wa fundi baiskeli, wa mwalimu, wa padri. Tomi tukampa Mayfair, na lile sikio lake lililopinda dada alilichora vizuri mno. Nyumba zikawa mifupa, hoteli zikawa mabanda, jela ikawa mnyororo.

Baba alikuwa bwana mifugo. Kwake mbwa ni wa nje, kazi yake kulinda, na Tomi hakuwahi kuvuka kizingiti chetu. Jioni ile umeme ulikatika, akavuta kiti karibu na taa ya chemli, akaanza kusoma mojamoja kadi zetu za Bahati, zile za kuokota zenye amri. Kisha akaomba kalamu.

"Hapa mmekosea. Mtu akiumwa na mbwa, kwanza anaosha kidonda kwa sabuni na maji mengi, halafu hospitali, siku hiyohiyo."

Dada akaiandika: ukiosha kidonda hulipi kitu, ukikaa nyumbani kusubiri kipone, lipa 150. Baba akaongeza ya kwake. Kila unapopita Anza, pale mchezo unapoanzia, na kupokea 200 zako, toa 10 kwa kila mbwa uliye naye, maana chanjo ya kichaa cha mbwa hurudiwa kila mwaka. Hadi leo naona hiyo ndiyo kanuni bora kuliko zote za mchezo ule, na wanangu wanaicheza hivyo.

Akaketi kucheza nasi. Kila mbwa ambaye Baba alitua juu yake alimnunua, Tomi akiwemo, na kila mzunguko akawalipia wote chanjo bila kunung'unika. Kwenye saa nne usiku akaangukia kwa mbwa wa padri, ambaye Mama alikwisha kumjengea banda. Kodi ilikuwa kubwa. Baba akarudisha mifupa benki, akaweka mbwa rehani mmoja baada ya mwingine, akifunika kadi zao mezani. Bado hela zikapungua kwa 200 kamili, na rehani ya kiwanja cha 400 ni 200.

"Baba, muweke Tomi," nikamwambia. "Ukipata hela utamkomboa."

Akaishika kadi, akaanza kuigeuza, akasita. Mvua ilikuwa inapiga bati hata ikabidi aseme kwa sauti.

"Huyu simfuniki. Mama, nimefilisika. Wachukue wote."

Wale wengine aliwasukuma kwa kiganja. Kadi ya Tomi alimpa Mama mkononi, picha ikiwa juu. Kisha akachukua tochi, akaenda mlango wa uani, tukasikia komeo likivutwa.

Tomi aliingia amelowa chapachapa, akasimama pale mlangoni akimtazama Baba, hajui aweke wapi miguu. Baba akatandika gunia chini ya meza. Mama hakusema neno. Alikusanya kadi zetu zote za manila, akaziweka juu kabisa ya kabati.