Nilivyoosha udongo wa mfinyanzi wa Kilwa kwa mafuta ya taa hapa Dodoma mpaka ukataja umri wake

Kuna jamaa alinitangulia chuo akaniambia "dogo, twanga hayo mawe kwenye kinu, visukuku utaviona tu." Visukuku vyenyewe ni foraminifera, vigamba vya viumbe wa kale wa baharini vilivyobaki ndani ya jiwe, vingi vidogo kuliko punje ya chumvi, sasa ukitwanga unabaki na nini? Nilimpa kipande kimoja tu maana sikumwamini. Unga mtupu.

Wengine wananiuliza kwa nini nisichukue mawe ya hapahapa. Jamani, itale ya Dodoma ina zaidi ya miaka bilioni 2.5 na ilitokana na uji wa moto, foraminifera atoke wapi? Faida yake vumbi letu likiangukia sampuli halikuletei visukuku vya uongo, kwa hiyo nilianika juu ya bati bila wasiwasi.

Na kukausha ndo siri yenyewe. Mfinyanzi ule ukiuloweka mbichi unalainika nje, ndani jiwe. Kausha mpaka ukauke kweli, mimina mafuta ya taa yaufunike, acha uyanywe hadi ubadilike rangi, yaliyobaki chuja uyatunze (hela ndogo lakini hela), kisha mwagia maji ya moto. Hapo sasa! Maji yanayasukuma mafuta, jiwe linatoa mapovu, linachanika, linamomonyoka lenyewe hujaligusa. Jiko liwe mbali kabisa. Mama mwenye nyumba akafuata harufu, "Mwanangu, unapika mawe?" Nikamwambia shikamoo mama, nayaosha tu. "Marahaba, sufuria yangu usiiguse."

Chekeche ni la mikromita 63, na kabla ya sampuli nyingine lichovye kwenye rangi ya bluu ya maabara, kilichonasa kutoka sampuli ya juzi utakijua kwa ubluu wake. Kuokota visukuku ni brashi yenye ncha iliyolowa na shingo kuuma.

Nilikuwa namtafuta Hantkenina, foraminifera yule mwenye miiba, maana alipotoweka ndo enzi ya kale ya Eosini iliisha na ya Oligosini ikaanza, miaka milioni 33.9 iliyopita. Sampuli za chini yumo, za juu hayumo hata mmoja.

Upande wa sumaku (jiwe hutunza mwelekeo wa sumaku ya dunia ya wakati lilipoundwa) vipande vilipelekwa maabara nje ya nchi, wanavipasha moto hatua kwa hatua kuondoa usumaku wa siku hizi uliojipachika juu ya ule wa zamani. Huku kwetu karibu na ikweta chora mshale wa kaskazini kabla hujang'oa kipande, kwa sababu sumaku ya dunia huku inalala karibu bapa, haizami kama kule karibu na ncha za dunia, bila mshale hutajua imeelekea kaskazini au kusini. Vyangu vyote vikaja vimeelekea kusini. Peke yake hiyo haisemi kitu, dunia imegeuza sumaku mara nyingi sana, lakini weka na Hantkenina wako, kinabaki kipindi kimoja tu, kile cha sumaku iliyogeuka wanachokiita C13r, na hapo msimamizi wangu akaacha kuniuliza maswali.