Mililita tano, kisha subiri

Katika epidurali, ganzi inayotolewa mgongoni kupitia mrija mwembamba, dawa ya ganzi ya bupivakaini ya asilimia 0.5 ina miligramu 5 kwa kila mililita. Hesabu hiyo ni nyepesi, lakini ndiyo inayorukwa thieta ikiwa na haraka. Kipimo cha juu ni miligramu 2 kwa kilo: mgonjwa wa kilo 50 asivuke miligramu 100, yaani mililita 20. Mpandishe kwenye mizani. Mama aliyeshuka kutoka Makete mwezi wa Julai, sweta mbili na kitenge juu yake, huwezi kumkadiria kwa macho.

Ile ampuli ya mililita 4 yenye glukosi, ya bupivakaini nzito, ni ya spaino, ganzi inayochomwa moja kwa moja kwenye maji ya uti wa mgongo. Iweke mbali kabisa na trei ya epidurali.

Katheta, yaani ule mrija, ikishakaa, sentimita 3 hadi 5 ndani ya nafasi ya epidurali iliyo nje ya utando wa uti wa mgongo, vuta bomba kwanza uone kama kunarudi damu au maji ya uti wa mgongo. Kisha toa dozi ya majaribio: mililita 3 za lidokaini asilimia 1.5 yenye adrenalini 1:200,000. Mapigo yakipanda kwa 20 ndani ya dakika moja, uko mshipani. Miguu ikiwa mizito ndani ya dakika tano, umeingia kwenye maji. Anayemeza dawa za presha za kuzuia beta, zinazopunguza mapigo ya moyo, anaweza asionyeshe mapigo hayo, kwa hiyo usitulie mapema.

Baada ya hapo ni mililita 5 za bupivakaini, subiri, vuta tena, zungumza naye. Muulize kuhusu ganzi ya ulimi, ladha ya chuma mdomoni, masikio kuvuma: ni dalili kwamba dawa imezidi kwenye damu. Akianza kuropoka au kutetemeka uso, acha dawa hapo hapo, mpe oksijeni na uombe mafuta ya mshipani ya asilimia 20: mililita 1.5 kwa kilo, ndani ya dakika mbili au tatu. Bupivakaini hung'ang'ania misuli ya moyo, ndiyo maana moyo ukisimama inabidi kukandamiza kifua kwa muda mrefu kuliko ulivyozoea. Chupa ya mafuta hayo iwe ndani ya thieta, si stoo iliyofungwa.

Ganzi huchukua dakika 15 hadi 20 kukolea. Ukipima kwa ubaridi wa pamba ya spiriti ganzi imefika wapi, anza begani: kwenye baridi ya Mbeya ngozi yote ni baridi, na mgonjwa anahitaji kitu cha kulinganisha. Kwa upasuaji wa goti, ganzi ifike kitovuni. Kwa upasuaji wa kujifungua, ifike usawa wa chuchu.