Siku tuliyong'oa sakafu ya Landrova ya Mjomba

Mwaka 2009, nikiwa nyumbani Tanga nasubiri matokeo ya kidato cha nne, Mjomba alinikabidhi ovaroli yake kuukuu akaniambia nisijizoeshe kukaa kibarazani. Tukaenda Ngamiani, kwa fundi aliyekuwa akimtengenezea Landrova.

Ilikuwa 109, ile ndefu, yenye inchi 109 kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, ya toleo lililoundwa kati ya 1961 na 1971. Mjomba aliinunua kwenye shamba la mkonge, ikiwa imeota majani hadi kwenye ringi, na alitaka irudi kama ilivyotoka kiwandani. Injini ilikuwa imeshawaka. Rangi ingesubiri. Kilichokuwa kimebaki ni klachi, na ukiigusa klachi ya gari lile lazima uguse na sakafu.

Waliolitengeneza walifikiria vizuri. Wengine huvuta injini mbele ili waifikie klachi, lakini njia aliyoipenda fundi wetu ni ya kupitia ndani: unatoa viti, unafungua bamba za sakafu, unatoa lile sanduku zima linalobeba viti, halafu unainyanyua giaboksi na kuipitisha mlangoni. Kila kitu kimefungwa kwa bolti na nati, hakuna kilichochomelewa. Sakafu ya Landrova ni mlango, ndivyo ninavyoiona mimi, na anayeiziba hajui anaziba nini.

Basi aliyeitengeneza kabla yetu alikuwa ameiziba. Upande wa dereva alilaza bamba nene la chuma, mbele akalichomelea kwenye chesesi, yaani fremu ya chuma inayobeba gari, na nyuma akalipigia riveti kwenye sanduku la viti. Fundi alipiga magoti, akapitisha kidole kwenye mshono wa kuchomelea, akasonya.

"Mzee, hapa dawa ni grenda tu. Dakika kumi."

"Grenda hapa haiwaki," Mjomba akajibu. "Tangi liko wapi?"

Tangi lilikuwa hapohapo. Katika 109 kama ile, tangi la petroli liko ndani ya sanduku la viti upande wa kulia, dereva amelikalia. Fundi alisema halina petroli, halijatiwa kitu tangu wiki iliyopita. Mjomba akamwambia ndiyo maana anaogopa zaidi, kwa sababu tangi tupu limejaa mvuke, na mvuke ndio unaolipuka. Wakabishana kwa heshima, mwenye gari na mwenye gereji, hadi chai ikaja. Mwishowe tangi likashushwa, likajazwa maji na kuwekwa kule kwenye uzio. Hata baada ya hapo Mjomba hakutaka cheche. Tukatumia tindo na nyundo, na palipochomelewa fundi akatoboa kwa keekee mpaka mshono ukaachia. Dakika kumi zikawa siku nzima, na mikono yangu ilivimba.

Kazi yangu nyingine ilikuwa upande wa kushoto, chini ya kiti cha abiria. Hapo hakuna tangi, bali pango lenye kifuniko, la kuwekea zana. Ukikaa juu yake hujui kuna kitu. Nilipofungua nilikuta udongo mwekundu wa shambani umeganda kwa grisi, mpini wa jeki, kamba ya katani, plagi kuukuu, na kipande cha sabuni ya mche kilichokauka hadi kupasuka. Nikauliza sabuni ya nini kwenye gari. Fundi akacheka, akasema dereva wa zamani hatembei bila sabuni: tangi likivuja njiani unaipondaponda na kuikandika kwenye ufa, kwa kuwa petroli haiyeyushi sabuni, na unafika. Akaenda kuligeuza tangi letu kule kwenye uzio. Kweli, pembeni mwa mshono wa chini kulikuwa na kovu la kijivu lililoshikana na vumbi.

Sanduku lenyewe ni la alumini. Landrova ilipozaliwa mwaka 1948 chuma kilikuwa cha mgawo Uingereza baada ya vita, alumini ikapatikana kwa urahisi zaidi, na bodi ikabaki hivyo hata shida ilipokwisha. Watu husema Landrova haiozi. Waje Tanga. Alumini ikigusana na chuma penye unyevu, tena unyevu wenye chumvi ya bahari, alumini ndiyo inayoliwa. Tulipolinyanyua sanduku, kingo zake zilizokuwa zimekalia chesesi zilibaki unga mweupe mfano wa chokaa, na tundu za bolti zilikuwa zimepanuka hadi kidole kinapita. Katikati, mbali na chuma, bati lilikuwa zima kabisa.

Hapo ndipo Mjomba alipopata kauli. Akakataa bamba la chuma. Tukakata maboksi ya katoni, tukayapimisha kwenye nafasi ya sakafu, tukayatoboa mahali pa vijiti vya gia, kile chenye kirungu chekundu na kile cha manjano vikiwemo, halafu tukayachora juu ya bati la alumini la milimita mbili. Kingo za sanduku zilizoliwa zikakatwa, zikawekewa viraka vya riveti. Kila mahali alumini ilipokutana na chuma tuliweka kipande cha tyubu ya baiskeli, na kila bolti ikapakwa grisi. Bolti zenyewe ni za inchi, zinataka spana ya 7/16; fundi alikuwa na ya 12 ya milimita, inayoteleza na kula kichwa, kwa hiyo nikatumwa mjini kutafuta.

Klachi ilibadilishwa kwa utulivu na giaboksi ikarudi. Sakafu ikafungwa kwa bolti tupu, na kifuniko cha pango kikapata mpira mpya. Mjomba akapanga jeki, kamba, spana ya 7/16 aliyokataa kumwachia fundi, na mche mzima wa sabuni mpya.

Fundi naye aliomba zile katoni. Alisema kuna Landrova nyingine inatoka Muheza, nayo imechomelewa vilevile, na safari hii angemtoza mwenyewe bei ya kutumia tindo.