Upande wa kushoto wa Fundi

Wiki ya pili baada ya mazishi, mama aliniletea kasha jeusi, akaliweka mezani na kusema, "Hili ni lako. Mimi sina pumzi ya kulipuliza." Kisha akarudi jikoni.

Ndani yake mlikuwa na tarumbeta ya baba yangu wa kambo. Ilikuwa na karibu miaka mitatu haijapigwa, tangu mapafu yake yalipoanza kumkatalia. Nikajaribu vali zake, vile vitufe vitatu vya kubonyeza. Ya kwanza ilishuka kwa uzito. Ya tatu ilishuka ikabaki huko huko chini. Ya kati haikusogea kabisa.

Nilikaa nayo mapajani mpaka giza likaingia. Kilichoniuma zaidi siku hizo kilikuwa hotuba yangu. Niliombwa niseme machache makaburini, nikaandika kwamba alikuwa mchapakazi, mpole, mcheshi, mpenda watu. Yote kweli. Lakini niliporudi kuketi nilihisi nimemsifu mtu mwingine, kwa sababu maneno yale yangemfaa marehemu yeyote. Nikajiwekea kazi mbili: tarumbeta ile ilie tena, na nimwandike Fundi mpaka mtu aliyemjua akisoma aseme, huyu ndiye.

Fundi ndilo jina nililomwita. Watu wote walimwita hivyo, nami nikafuata, kwa sababu "baba" lilikuwa neno la mtu aliyekwisha fariki, na yeye hakunidai neno hilo hata siku moja.

Nilikuwa na miaka 9 alipokuja kwetu mara ya kwanza. Hakuniletea zawadi. Alisikia koki ya jikoni ikidondosha, akamwomba mama ruhusa aiangalie, halafu akanigeukia: "Wewe, nishikie tochi." Alifunga maji, akaifungua koki, akatoa washa ya mpira iliyokuwa imelika upande mmoja. Akaniwekea kiganjani. Kisha akaniuliza: kama koki inadondosha tone moja kila sekunde, ni matone mangapi kwa siku? Nilihesabu kwenye daftari jioni nzima. Aliporudi wiki iliyofuata, kabla hajaketi, aliuliza, "Umepata ngapi?" Nikamwambia 86,400. Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepokea taarifa muhimu. Sikuwa nimezoea mtu mzima akumbuke swali alilomuuliza mtoto.

Tangu hapo nikawa mshika tochi wake. Ni kazi yenye adabu zake. Mwanga hufuata mikono ya fundi, haufuati macho ya mshikaji. Ukichoka, unasema umechoka, huiachi tochi ishuke polepole. Na lazima nikae kushoto kwake. Nikisogea kulia alinishika bega akanirudisha. "Upande wako huu," alisema. Nilidhani ndiyo kanuni ya ufundi.

Alikuwa fundi bomba wa aina ambayo mteja huielewa baada ya miaka. Siku moja tulienda kwa mtu aliyelalamika kwamba maji ya kuogea yanatoka kama machozi, naye alikwisha kujiandaa kununua pampu. Fundi alitazama tanki, akatazama bomba la kuogea, akapima kwa macho. Akamweleza kwamba nguvu ya maji hutokana na kimo: kila mita 10 za kimo cha maji ni takriban bar 1, yaani kipimo cha msukumo, na tanki lake lilikuwa limeinuka kidogo tu kupita kichwa cha mwogaji. "Jenga mnara," akamwambia. Wakati ule aliuza pampu pia, na angepata faida yake. Tulirudi nyumbani na malipo ya kukagua tu. Nilikuwa na njaa ya mambo mengi umri ule, na nakiri kwamba nilisikitika.

Ijumaa na Jumamosi usiku alipiga tarumbeta kwenye bendi. Siku nyingine alifanya mazoezi chumba cha nyuma, akiwa ameziba mdomo wa tarumbeta kwa kitambaa ili asisumbue majirani. Muda mwingi hakupiga nyimbo. Alipuliza noti moja ndefu, akaishusha hadi ikawa nyuzi, akaikuza, akaishusha tena. Mama alizoea sauti ile hivi kwamba jioni ikikosekana alitoka kuangalia kuna nini.

Kwake kazi zile mbili zilikuwa moja. Alinieleza kwamba tarumbeta ni bomba la karibu mita moja na nusu lililokunjwa, na vali zake ni koki tatu zinazoelekeza pumzi ipite njia ndefu zaidi. Bomba refu, sauti ya chini. Vali ya pili hushusha sauti nusu toni, ya kwanza hushusha toni nzima, ya tatu toni moja na nusu. Zamani tarumbeta hazikuwa na vali, mpigaji alibaki na zile noti chache ambazo bomba tupu linampa. Mwaka 1818 Wajerumani wawili, Heinrich Stölzel na Friedrich Blühmel, walisajili uvumbuzi wa vali, na Fundi aliwataja kwa heshima kama watu wa kada yake. Simulizi nyingine aliyoipenda ni ya mpiga tarumbeta mashuhuri wa jazi, Louis Armstrong, kutuma tarumbeta yake moja kutoka Marekani hadi kwa vijana wa bendi ya shule Afrika Kusini, ambamo Hugh Masekela, aliyekuja kuwa mpiga tarumbeta mashuhuri, alikuwa bado kijana. Kila aliponisimulia alimaliza na jambo lile lile: chombo kile kilikuwa kimekwisha tumika, hakikuwa kipya.

Usiku mmoja, nikiwa na miaka 12, alinichukua kwenye onyesho. Katikati ya sehemu ya kwanza mtu akaja na habari kwamba bomba limepasuka kwa bibi mmoja anayeishi peke yake, maji yameingia hadi chumba cha kulala. Fundi aliweka tarumbeta kwenye kasha, akamnong'oneza mpiga ngoma, tukaondoka. Alipiga magoti kwenye maji na shati lake jeupe la jukwaani. Nikashika tochi, kushoto. Alikata kipande kilichopasuka kwa msumeno wa chuma, akaunga, akafungua maji kidogo kidogo na kidole kikiwa juu ya kiungo. Bibi alipouliza deni, alimwambia alale kwanza. Tukarudi, akapiga sehemu ya pili yote huku suruali ikimnata magotini. Nililala kwenye viti nyuma ya ngoma, na sijawahi kulala usingizi mtamu kama ule.

Lakini kazi hiyo hiyo iliwahi kuninyang'anya. Siku nilipopewa tuzo shuleni aliahidi kuja. Hakuja. Alirudi usiku, akasimama mlangoni kwangu nami nikajifanya nimelala, akasema, "Nimekosa." Hakuongeza sababu. Baadaye nilijua alikuwa shimoni, kwenye bomba kuu la maji lililogoma kufungika, na hapakuwa na mtu wa kumpokea. Nilimnunia miezi. Hili pia nimeliandika, kwa sababu ukiliondoa, uvumilivu wake kwangu miezi ile unakosa maelezo.

Nilianza na tarumbeta. Kosa ambalo nusura nilifanye ni kuchukua koleo. Shaba ya njano ni laini, ukiilazimisha inapinda, na vali ikipinda kidogo tu haitembei tena. Kwa hiyo nilifungua vifuniko vya chini, nikatia mafuta ya vali juu na chini, nikaacha usiku kucha. Asubuhi nikagonga taratibu kwa mpini wa mbao. Hakuna. Nikatia tena mafuta, nikaacha tena. Siku ya nne vali ya kati ilisogea kiasi cha unene wa ukucha, na hapo ndipo nililia kwa mara ya kwanza tangu azikwe.

Mabomba madogo ya kuvuta, yale ya kurekebishia sauti, yalikuwa yameganda vilevile. Nilipaka mafuta ya kulegeza kutu kwenye maungio, nikapitisha ukanda wa kitambaa kwenye kona ya bomba na kuvuta kwa mishtuko mifupi iliyonyooka. Kisha nikaosha kila kitu kwa sabuni laini na maji ya uvuguvugu. Maji ya moto yanaweza kubambua rangi ya juu. Uchafu uliotoka ulikuwa wa kijani, na nilishangaa kwamba pumzi yake ilikuwa inapita humo.

Nikaunganisha, nikapuliza. Hewa ikagoma. Si kwamba sauti ilikuwa mbaya, hewa yenyewe haikupita, kama kupuliza ukuta. Nilidhani nimeiua. Nilizunguka nayo nyumbani siku mbili kabla sijakumbuka alivyokuwa akisema kila tulipokuta nyumba haina maji: usibomoe ukuta, anza na koki ya kwanza. Nikatoa vali moja moja. Kila moja ilikuwa na namba iliyochorwa kwenye chuma, 1, 2, 3, nami nilikuwa nimebadilisha ya kwanza na ya tatu, hivyo matundu hayakukutana na njia. Nikazirudisha mahali pake. Pumzi ikapita.

Nilimpelekea fundi wa vyombo vya kupuliza aikague. Aligeuza, akasimama kwenye kiungo kimoja karibu na mdomo mpana, penye lehemu nene iliyovimba. "Hii imeungwa na fundi bomba," akasema, bila kujua. Alitaka kuikwangua na kuunga upya, isionekane. Nilimuuliza kama inavuja. Akasema haivuji na wala haitavuja. Nikamwomba aiache.

Kazi ya pili ilikuwa ya kuuliza watu. Mwanzoni niliuliza, "Alikuwa mtu wa namna gani?" nikapata yale yale ya hotuba yangu: mchapakazi, mpole. Watu hawakuwa wavivu, swali ndilo lilikuwa pana. Nikabadilisha. Nikaanza kuuliza: alipofika kazini aliweka wapi mfuko wake? Alikasirika lini, na alifanya nini mikono yake? Mlikaaje jukwaani? Hapo majibu yakaja na mwili. Mteja mmoja alikumbuka kwamba Fundi alivua viatu mlangoni hata sakafu ikiwa imejaa maji. Mwingine alinionyesha karatasi iliyobandikwa ndani ya kabati la sinki, kwa mwandiko wake, ikieleza koki kuu iko wapi na inafungwa kuelekea upande gani, "ili usinisubiri."

Mpiga ngoma ndiye aliyenipa nisilolitegemea. Nilimuuliza kwa nini Fundi alisimama pembeni kabisa kulia, wakati ngoma zilikuwa katikati. Akanitazama kama mtu anayeulizwa jambo la wazi. "Sikio lake la kulia lilikuwa halisikii vizuri. Miaka ya kukata vyuma. Alitaka bendi yote iwe kushoto kwake."

Sikujua. Sisi wawili tuliishi nyumba moja miaka mingi na sikujua. Nilirudi nyumbani nikamuuliza mama, naye akasema bila kugeuka, "Ndiyo maana nililala upande ule."

Nikapitia upya kila chumba, kila shimo, kila bafu nililoshika tochi. Mkono wake begani kwangu, ukinirudisha. Kwenye maji ya yule bibi. Mezani, alivyohamisha kiti changu kabla ya kuniuliza habari za shule. Upande wako huu. Alikuwa ananiweka pale anaponisikia. Nilikuwa naongea sana utotoni, maswali yasiyoisha, na mtu yule, ambaye angeweza kupata utulivu kwa kuniacha tu nikae kulia, alinihamisha kila mara.

Nimeandika kurasa 31 mpaka sasa. Hotuba ile nimeihifadhi mwanzoni, jinsi ilivyokuwa, na neno "mpole" nimelipigia mstari na kuandika pembeni yake: kushoto.

Kupiga kumechukua muda mrefu kuliko kutengeneza. Midomo huchoka haraka, na ukiendelea kwa kubana unaiumiza bure, kwa hiyo nafanya robo saa asubuhi na robo saa jioni, noti ndefu tu, chumba kile kile cha nyuma. Ilinichukua miezi minne kupanda na kushuka ngazi moja ya noti bila kukatika. Vali ya kati bado ina kigugumizi kidogo siku za baridi.

Juzi jioni nilikuwa nikijaribu noti ya chini inayotaka vali ya kwanza na ya tatu kwa pamoja. Nilipuliza mara tatu. Kutoka jikoni mama akaita, "Hiyo iko juu."

Mama hajawahi kushika chombo cha muziki. Nikatazama mkono wangu wa kushoto, nikakumbuka kwamba vali hizo mbili zikibonyezwa pamoja njia huwa fupi kidogo kuliko inavyotakiwa, na kwamba kuna pete ya kidole kwa ajili hiyo. Nikasukuma bomba la vali ya tatu nje kidogo, nikapuliza tena, nikaishikilia.

Sauti ya vyombo jikoni ikanyamaza.

"Hapo," akasema.